Naomba ushauri: fungu la kumi ni la mauzo yote ao la faida?

Wapendwa, niko mama muuzaji wa ndagala (samaki wadogo), soko ya Kadutu, Bukavu. Kanisani kwetu tunafundishwa kutoa fungu la kumi kwa kila pesa inayoingia mkononi, si kwa faida tu. Kumtolea Mungu napenda, hilo halina mjadala. Lakini hesabu inanishinda. Nikinunua mzigo wa dola 100, nikaupima kopo kwa kopo mpaka umalizike, napata 115. Fungu la kumi la mauzo ni 11.5. Zinabaki 3.5, na hapo bado ushuru wa soko, mbeba mizigo na likelemba (mchango wetu wa kupeana kwa zamu). Mtaji unaliwa.

Malaki 3:10, inayosema tulete fungu la kumi lote ghalani, naijua. Ila Kumbukumbu la Torati 14:22 inaongea juu ya mazao ya shamba, na mimi ndagala nimezinunua. Jirani yangu Mwislamu anatoa zaka ya 2.5% kwa mali iliyotimiza mwaka na kufikia kiwango cha chini kilichowekwa.

Nyinyi wenye biashara ndogo, munahesabu namna gani? Mume wangu anasema nitoe kwa faida na ninyamaze. Mimi nataka kumwambia mchungaji waziwazi. Nianze naye vipi bila kuonekana mwasi?