Shaaban Robert ana deni kwa Omar Khayyam, au tunamsingizia?

Mleta mada

Wadau, kuna kauli nimeisikia mara mbili mwezi huu, tena kwa watu wanaosoma. Wanasema Shaaban Robert alipotoa *Omar Khayyam kwa Kiswahili* mwaka 1952 alifanya kazi ya mkono tu, mradi lugha yetu nayo iwe na kitabu hicho mashuhuri. Eti mshairi wa adili hawezi kudaiwa na mshairi wa kilevi. Mimi nasema deni lipo, na ni kubwa.

Khayyam mwenyewe ni mtu wa Nishapur, Uajemi, 1048 hadi 1131. Wa zama zake walimjua zaidi kwa hesabu na nyota: aliandika kitabu cha aljebra, na alikuwamo katika jopo la wanajimu walioitengeneza kalenda ya Jalali, ya Uajemi, mwaka 1079. Shaaban hakumpata kwa Kiajemi. Alimpata kwa Kiingereza cha Edward FitzGerald, aliyechapisha rubai zake, yaani beti za mishororo minne, kwa mara ya kwanza mwaka 1859.

Sasa iko rubai moja humo, maarufu sana. Mshairi anamwambia mpenzi wake: laiti mimi nawe tungekula njama na Kudura, tukaushika mpango huu mbovu wa dunia wote mzima, si tungeuvunjavunja tukauunda upya, ukaribiane na matakwa ya moyo! Soma hapo, kisha ufungue *Kusadikika*, kitabu chake Shaaban kilichotoka 1951. Nchi inaelea angani. Karama yuko kizimbani kwa sababu ameanza kufundisha elimu ya sheria. Wajumbe wametumwa pande zote kutafuta maarifa, na kila anayerudi nayo anatiwa gerezani. Huo si ule ule mpango mbovu unaodai kuundwa upya? Shaaban alikuwa karani wa serikali ya kikoloni. Tanganyika hakuweza kuitaja, akaipandisha mawinguni.

Karibuni mnipinge.

Mchangiaji, Lamu

Nimekuja kupinga kama ulivyoomba. Wewe umekwenda Nishapur kutafuta maji na kisima kiko uani kwako.

Wasomaji wa FitzGerald wanausifu mno ule ubeti wa kasri la mfalme Jamshyd, ambamo sasa simba na mjusi ndio wenyeji. Sisi tulikuwa na habari hiyo hiyo katika *Al-Inkishafi* ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, aliyeyalilia magofu ya mji wa Pate:

*Madaka ya nyumba ya zisahani*
*sasa walaliye wana wa nyuni*

Yale madaka ya ukutani yaliyopangwa sahani za kaure, leo vifaranga vya ndege vimelala humo, na bundi anakoroma katikati ya nyumba. Utenzi huo ulikwisha chapwa kitabu London mwaka 1939, na kabla ya hapo watu waliusoma kwa hati za mkono na kwa kichwa. Mswahili hakuhitaji Mwajemi wa kumwambia dunia inapita.

Tena tazama wapi kila mmoja anaishia. Khayyam, au huyo FitzGerald, akishaona gofu anasema jaza bilauri ya divai. Sayyid Abdallah akishaona gofu anaugeukia moyo wake na kuukemea utubu. Shaaban yuko upande gani? Kwa maandishi yake yote ninayoyajua, yuko Pate.

Mchangiaji, Dodoma

Mimi swali langu ni dogo. Ile divai Shaaban aliipeleka wapi? Maana nimesoma watu wakieleza kuwa ni divai ya kiroho. Mlevi wa mtaani kwetu naye husema hivyo hivyo.

Mchangiaji, Muscat

Divai waachie wenyewe, hawajakubaliana hadi leo. Ninyi wawili wa juu mnajadili kama vile Khayyam anajulikana. Hati kubwa aliyoitumia FitzGerald, iliyoko Oxford, ina rubai 158 na ilinakiliwa mwaka 1460, zaidi ya miaka 300 tangu mtu huyo azikwe. Rubai ngapi ni zake kweli, wataalamu wanagombana. FitzGerald naye alikata, akaunganisha, akapanga siku nzima toka mapambazuko hadi mwezi kuchomoza. Kwa hiyo aliyemshika mkono Shaaban ni Mwingereza wa karne ya 19 mwenye shaka zake mwenyewe.

Ila kwa ile rubai ya kuunda dunia upya, mleta mada ana bahati. Kiajemi chake kipo, na kimeegemezwa kwa Khayyam. Kinasema: ningekuwa na mkono juu ya falaki, yaani mbingu, kama Mungu, ningeiondoa hii nikafanya nyingine, ambamo *azada* angeyafikia matakwa ya moyo wake bila taabu. Azada ni mtu huru, mwenye utu wake. Kwetu tungesema muungwana. FitzGerald alimtoa huyo, akaweka wapenzi wawili. Ukimrudisha, unamwona Karama pale kizimbani.

Na kwa wapenda arudhi, yaani kanuni za ushairi: rubai, tarbia na robo zote zimezaliwa na nne ya Kiarabu. Lakini katika rubai mshororo wa tatu ndio unaoachiwa kina kitoroke, halafu wa nne unakirudisha kwa kishindo. Utenzi wetu unaifunga mitatu pamoja, kisha wa nne unabeba bahari, yaani kina kimoja cha utungo wote. Mtu aliyelelewa na utenzi akiingia kwenye rubai lazima mguu umteleze kidogo, na naamini kuteleza huko kulimfaa.

Mleta mada

Ahsante sana kwa muungwana. Hilo sikuwa nalo.

Lamu, naomba unijibu hili. FitzGerald anasema ua likishachanua linakufa milele. Shaaban alipofiwa na mkewe aliandika: *Amina umejitenga, kufa umetangulia, kama ua umefunga, baada ya kuchanua*. Ua lile lile! Lakini mshororo unaofuata anamwombea pepo. Amelichukua ua akalikataa kaburi. Ndiyo namna ya deni ninayoisema.

Mchangiaji, Lamu

Angalia miaka, ndugu yangu. Shairi la Amina limo katika *Maisha Yangu*, lililotangulia tafsiri. Utaniambia alikuwa akimsoma FitzGerald zamani, sawa, nionyeshe. Na ua halina mwenyewe, kila aliyefiwa amelishika.

Mleta mada

Kwa ua nimeshindwa, naliondoa. *Kusadikika* nacho kilitangulia kwa mwaka mmoja, nalijua hilo kabla hujaniambia. Lakini mtu hafasiri kitabu cha beti kwa juma moja, tena baada ya kazi za ofisi. Alikuwa nacho mezani.

Mchangiaji, Lamu

Ulikuja na deni kubwa, umebaki na ubeti mmoja na meza. Nitajie ubeti wa pili.