Mrejesho: Mabomba ya hewa yaliyofeli kipimo, Sacramento

Wakuu, mnakumbuka nililia kwamba nimeweka kiyoyozi kipya halafu kipimo cha uvujaji, kinachodaiwa na sheria ya nishati ya California, kikafeli: asilimia 22 ya hewa ilikuwa inavuja kwenye mabomba. Asanteni sana!

Nilifuata aliyesema nipande darini kwanza kabla ya kununua mabomba mapya. Kwenye boksi la kurudisha hewa ya vyumbani kwenye kiyoyozi, utepe wa kitambaa ulikuwa umebanduka, kiganja kizima kinapita. Fundi akapaka mastiki (gundi nzito ya kuzibia) kila kiungio. Mkaguzi akarudi na feni yake ya kupimia, akapima kwa shinikizo la hewa la paskali 25: uvujaji asilimia 8. Tumepita!

Kuziba kingo za matundu ya kutolea hewa vyumbani kulisaidia kidogo mno. Na chumba cha watoto bado kina joto. Bomba lake limebonyea, litabadilishwa.