Ukoo wa Bi Mkubwa: binti kapangiwa Rufiji

Mama: Assalam aleikum nyote. Majina yametoka. Binti yetu kapangiwa Sekondari ya Bibi Titi Mohamed, Rufiji. Alhamdulillah.

Mjomba: Mashallah! 🎉 Tranka juu yangu. Godoro ajitokeze mwingine.

Binti: Asante mjomba. Kumbe Bibi Titi si barabara tu ya pale Mnazi Mmoja 😅

Shangazi Mbagala: Barabara!! Bi Mkubwa, unayasoma haya?

Bi Mkubwa: 🎤 7:12

Shangazi Mbagala: Wenye bando la kuungaunga, nawaandikia. Anasema Bibi Titi aliishia darasa la nne. Alikuwa mwimbishaji wa ngoma, kikundi chao kikiitwa Bomba. TANU, chama cha kupigania uhuru, ilipotaka wanawake mwaka 1955, yeye alipita kwa vikundi vya lelemama, ngoma ya wanawake, akaongea na wakubwa wao. Mkubwa wa ngoma akikubali, kundi zima linakuja na sare zake. Marehemu mama yake Bi Mkubwa alikata kadi, akaificha kwenye kibweta chini ya kanga za sikukuu, mumewe asiione.

Mjomba: Babu alikuwa anaogopa kupoteza kazi ya serikali, tusimseme vibaya.

Shangazi Mbagala: Hakuna aliyemsema 🙄

Kaka: Ila si Rufiji hiyohiyo iliyomwangusha ubunge 1965? Leo wanampa shule.

Mjomba: Na 1969 akakamatwa. Kesi ya uhaini, kifungo cha maisha. Akaachiwa 1972.

Binti: ALIFUNGWA? Sisi tuliandika "alipigania uhuru, aliongoza umoja wa wanawake, UWT", basi, swali linalofuata.

Bi Mkubwa: 🎤 0:41

Mama: Anasema alipotoka wengi walimkwepa, hata waliokula kwake. Jina lake likawa la kunong'onwa. Alifariki Novemba 2000, huko Johannesburg, ndipo kila mtu akakumbuka kuwa alimjua.

Kaka: Hapo kwenye "kila mtu" Bi Mkubwa kaniua 😂

Binti: Bibi, ile kadi ipo?

Bi Mkubwa: Ipo. Njoo uione kabla hujaondoka. Usiipige picha ukairusha humu.

Mama: Tutakuja Jumamosi in sha Allah. Mabasi ya Rufiji si bado yanaondokea Rangi Tatu, Mbagala?

Shangazi Mbagala: Rangi Tatu. Laleni kwangu, mtoke alfajiri.

Mjomba: Godoro je? Naona mmenyamaza.