Mjadala: Je, ni halali kuifunga serikali ili kupata pesa za ukuta wa mpakani?

Mtoa mada

Wanajamvi, salamu kwenu. Kila Marekani inapokaribia tarehe 30 Septemba, mwisho wa mwaka wake wa fedha, suala hili huibuka upya. Baada ya serikali kufungwa siku 43 mwaka 2025, nadhani tulijadili kwa kina na tuache kurushiana vijembe vya Trump na Wademokrati. Swali langu ni hili: rais au chama kikinyimwa pesa na Bunge, kina haki ya kuzuia mishahara ya watumishi wa umma mpaka kipewe? Mimi nasema hapana, kiwe chama gani, na hata kama kinachodaiwa ni cha haki.

Nachukua mfano wa Desemba 2018 kwa sababu hakuna ulio wazi kuliko huo. Trump alitaka dola bilioni 5.7 za kujenga ukuta kwenye mpaka wa Mexico. Tarehe 11 Desemba aliwaita Ikulu Nancy Pelosi na Chuck Schumer, viongozi wa Wademokrati katika Bunge, na mbele ya kamera akatamka kwamba ataona fahari kuifunga serikali kwa ajili ya usalama wa mpaka, na lawama atazibeba yeye. Siku nane baadaye Seneti, iliyokuwa mikononi mwa chama chake mwenyewe, ilipitisha muswada wa kuendesha serikali mpaka Februari bila pesa za ukuta. Akaukataa. Tarehe 22 Desemba wizara 9 kati ya 15 zikaishiwa idhini ya kutumia pesa.

Watumishi wapatao 800,000 waliguswa. Kama 380,000 waliambiwa wakae nyumbani. Wengine kama 420,000 waliambiwa waje kazini bila mshahara, kwa kuwa kazi yao ni ya kulinda uhai na mali. Sasa angalieni kina nani walikuwa kwenye kundi hilo la pili: askari wa doria ya mpakani, wakaguzi wa abiria viwanja vya ndege, waongoza ndege, Walinzi wa Pwani. Watu wanaolinda mpaka ndio waliolinda bila kulipwa, na sababu waliyopewa ni usalama wa mpaka! Tarehe 15 Januari 2019 Walinzi wa Pwani walikosa mshahara wao, jambo ambalo halikuwahi kukipata kikosi chochote cha jeshi la Marekani serikali ilipofungwa. Waongoza ndege walikuwa wakipiga picha slipu zao za mshahara na kuzisambaza: jina lipo, tarehe zipo, na pale pa kiasi cha kuchukua nyumbani pameandikwa sifuri. Mpishi José Andrés alifungua jiko la bure Pennsylvania Avenue, barabara inayounganisha Ikulu na Bunge, na watumishi wa serikali tajiri kuliko zote duniani wakapanga foleni ya chakula kwenye baridi ya Januari.

Na huo usalama wenyewe? Mfumo ambao waajiri huutumia mtandaoni kuhakiki kama mtu anaruhusiwa kufanya kazi nchini ulizimwa. Mahakama za uhamiaji ziliahirisha makumi ya maelfu ya kesi za watu wasio kizuizini.

Tarehe 25 Januari waongoza ndege wachache walipokosekana kwenye vituo vya Virginia na Florida, ndege za kwenda LaGuardia, New York, zilizuiwa kwa muda. Siku hiyo hiyo rais alikubali kufungua. Februari Bunge likampa bilioni 1.375. Kumbukeni kwamba kabla ya vurugu zote, kamati ya matumizi ya Seneti ilikuwa imeshapitisha bilioni 1.6. Ofisi ya Bajeti ya Bunge ilikadiria kwamba siku zile 35 ziliupunguzia uchumi dola bilioni 11, na bilioni 3 kati ya hizo hazitarudi kamwe. Karibuni.

Kipanga wa Tanga

Mkuu, umepanga hoja vizuri lakini umeegemea upande mmoja. Mwaka 2006 Seneti ilipigia kura sheria ya kujenga uzio wa maili kama 700 mpakani. Ilipita kwa kura 80 dhidi ya 19. Waliosema ndiyo ni pamoja na Barack Obama, Hillary Clinton na huyo huyo Schumer. Miaka 12 baadaye uzio umekuwa dhambi? Pelosi alisema wazi Januari 2019 kwamba ukuta ni jambo lisilo la kimaadili. Ukishasema hivyo umefunga mazungumzo, kwa sababu hakuna anayegawana dhambi nusu kwa nusu.

Bajeti ya Marekani mwaka ule ilizidi dola trilioni 4. Bilioni 5.7 ni kitu gani hapo? Tarehe 19 Januari Trump aliwapa ofa: nipeni ukuta, niwape miaka mitatu ya kinga vijana walioletwa Marekani wakiwa watoto bila vibali, pamoja na wale wenye hifadhi ya muda. Wakakataa. Kwa nini lawama zote zimwangukie aliyeomba, zisimguse aliyenyima?

Na hao watumishi walilipwa malimbikizo yao. Sheria ilisainiwa tarehe 16 Januari 2019 kuhakikisha hilo, kwa mwaka ule na kwa kila kufungwa kutakakofuata. Nchi isiyojua nani anaingia kwake si nchi. Wananchi walimchagua Trump kwa ahadi ya ukuta, akaipigania kwa silaha aliyokuwa nayo.

Bint Shela

Mimi naandika kutoka Kenya. Kaka Kipanga, mbona huku kwetu Bunge likichelewa na bajeti, ofisi za serikali hazifungwi? Ibara ya 222 ya Katiba yetu inaruhusu Bunge la Taifa kuidhinisha hadi nusu ya makadirio yaanze kutumika wakati sheria ya matumizi inasubiriwa. Tanzania nako, ibara ya 90 inampa Rais nafasi ya kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti ya serikali, kwa hiyo wanarudi kwa wapiga kura. Siwasifii sana wa kwetu. Mwaka 2019 Seneti na Bunge la Taifa walivutana miezi kadhaa juu ya mgao wa kaunti, mpaka wakakubaliana shilingi bilioni 316.5 mwezi Septemba, na wafanyakazi wa kaunti waliumia kwa kuchelewa huko. Ila hakuna aliyesimama akasema anaona fahari kuwaumiza. Huo ndio moyo wa jambo kwangu.

Mzee wa Portland

Ndugu zangu, mimi ni Mkongo, niko Portland, jimbo la Maine. Mnaongea habari za ukuta, niruhusuni niseme nilichokiona. Juni 2019, miezi michache tu baada ya mvutano huo, mji wetu ulipokea mamia ya watu kutoka Kongo na Angola kwa siku chache, mpaka ukumbi wa mpira wa kikapu ukageuzwa malazi. Nilikuwa mmoja wa waliojitolea kutafsiri Kiswahili na Kilingala. Vitanda vya kukunja vilipangwa juu ya sakafu ya kuchezea, kutoka goli hadi goli, na watoto walilala na viatu kwa sababu njiani walizoea kuamshwa usiku.

Watu hawa walishukia Brazil au Ecuador, wakapita msitu wa Darién kati ya Colombia na Panama, wakapanda hadi Mexico, wakavuka mto Rio Grande na kuingia Texas. Sikilizeni vizuri: hawakuwakimbia askari. Walitoka majini wakawasubiri, kwa sababu walikuja kuomba hifadhi, na ombi hilo liliruhusiwa na sheria ukishakanyaga ardhi ya Marekani. Mpaka pale Texas uko katikati ya maji. Ukuta wowote utajengwa nchi kavu, nyuma ya ukingo, yaani mtu anakuwa ameshafika kabla hajaugusa.

Mama mmoja wa Kivu alinipa karatasi yake ya mahakama aliyoihifadhi kwenye mfuko wa nailoni, nimsomee. Alichotaka kujua ni kitu kimoja: lini? Hapo ndipo panapohitaji pesa, ndugu Kipanga. Majaji, maofisa wa kusikiliza madai, wakalimani. Anayestahili apewe, asiyestahili aambiwe mapema, asikae miaka anajenga maisha ya kubomolewa. Mimi si mtu wa kusema mpaka uachwe wazi. Mji wetu ulielemewa, na raia waliolalamika nawaelewa. Lakini kuahirisha kesi za uhamiaji siku 35 kwa ajili ya kudhibiti uhamiaji, hilo sijalielewa mpaka leo.

Wakili wa Mtaani

Mtoa mada, wewe unataka kulinyang'anya Bunge meno. Mamlaka ya kutoa pesa ndiyo nguvu kubwa waliyonayo wabunge dhidi ya rais. Tazama kilichofuata, ambacho hukukitaja. Tarehe 15 Februari 2019, siku aliyosaini ile bilioni 1.375, Trump alitangaza hali ya dharura ya kitaifa ili achukue pesa penginepo. Bilioni 3.6 zilichotwa kwenye miradi 127 ya ujenzi wa kijeshi, ikiwemo shule ya watoto wa wanajeshi Fort Campbell, Kentucky. Bunge lilipitisha azimio la kuifuta dharura, na Seneti ilipiga 59 kwa 41, Warepublikan kadhaa wakiwemo. Trump akalipinga azimio hilo kwa kura ya turufu tarehe 15 Machi, ya kwanza katika urais wake. Rais anayeweza kufanya hivyo, utamzuia kwa kitu gani kama si kwa kushikilia bajeti nzima?

Na mwaka 2025 silaha ilishikwa na upande wa pili. Wademokrati hawakuwa na Ikulu wala wingi katika Bunge, ila Seneti inahitaji kura 60 kupitisha bajeti, wakazinyima mpaka ruzuku za bima ya afya ziongezewe muda. Ungewaambia nini wale ambao bima yao ingepanda bei? Wapige makofi?

Mtoa mada

Wakili, hoja yako ndiyo nzito kuliko zote, kwa hiyo naanza nayo. Kunyima pesa za ukuta ni haki kamili ya Bunge, na nitaitetea siku zote. Ninachopinga ni kunyima pesa za kila kitu ili kupata au kuzuia kitu kimoja. Ni sawa na baba na mama wanaogombania kununua geti, wakaamua watoto wasile mpaka mmoja akubali.

Isitoshe, kufungwa huku hakumo katika Katiba ya Marekani. Kabla ya 1980 pesa zilipochelewa ofisi ziliendelea kufanya kazi, zikijua Bunge litapitisha. Aprili 1980 Mwanasheria Mkuu Benjamin Civiletti aliitafsiri sheria ya karne ya 19 kwamba bila idhini ya pesa kazi lazima zisimame. Mwaka uliofuata akatoa ufafanuzi wa kuruhusu kazi za kulinda uhai na mali. Desturi yote hii imetokana na waraka wa mwanasheria, na Bunge linaweza kuibadilisha kwa sheria. Maseneta James Lankford wa Republican na Maggie Hassan wa Democrat wameshaleta muswada: bajeti ikichelewa, ile ya zamani iendelee yenyewe, na wabunge wazuiwe kusafiri mpaka wamalize kazi. Tukumbuke kwamba serikali ikifungwa mishahara ya wabunge haikatiki.

Unauliza kuhusu 2025. Siku 43, mabomu yote yakarushwa, na juu ya zile ruzuku walichopata Wademokrati ni ahadi ya kura moja katika Seneti. Linganisha na ukuta: Julai 2025 Trump alisaini sheria yenye takriban dola bilioni 46.5 za ukuta, mara nane ya zile alizozililia 2018. Hakufunga ofisi hata moja. Chama chake kilishinda Ikulu na mabaraza yote mawili, kikatumia utaratibu wa bajeti usiohitaji kura 60. Mimi siupendi ukuta huo, na aliyosema Mzee wa Portland yananitosha, lakini pesa zake zilipatikana kwa njia halali.

Dada Bint Shela, nakushukuru kwa ibara ya 222.

Kipanga, umesema watumishi walilipwa. Walioajiriwa na serikali, ndiyo. Wafagizi, walinzi na wahudumu wa kantini walio chini ya kampuni za zabuni hawamo kwenye sheria ile ya 2019. Siku 35 za mtu anayelipwa kwa saa zilipotea moja kwa moja.

Kipanga wa Tanga

Kwa hao wa zabuni sina jibu, mkuu, ni dhuluma. Ukuta bado nautaka. Ila huo muswada wa Lankford una tundu: bajeti ya zamani ikiendelea yenyewe, anayeridhika na hali ilivyo ana haraka gani ya kukaa mezani? Mwaka 2018 Pelosi angesubiri tu.

Mtoa mada

Angesubiri, na Trump angelazimika kutafuta kura zaidi. Gharama hiyo naikubali. Wakili, turudishie: kama Bunge likipewa mahakama za kulinda pesa zake zisichotwe kwa dharura, bado ungetaka kushikilia mshahara wa mwongoza ndege?

Wakili wa Mtaani

Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani iliruhusu pesa za jeshi zitumike Julai 2019, kesi ikiwa bado inaendelea. Nionyeshe kwanza mahakama itakayowahi kabla zege halijamwagwa, ndipo nikujibu.