Naomba utakatifu kila alfajiri, lakini saa tatu sokoni hauonekani. Je, naomba vibaya?

MamaMaharage (Goma)
Bwana asifiwe wapendwa. Mimi ni mama wa watoto wanne, nauza maharage na unga wa muhogo soko la Virunga. Naomba mnishauri bila kunificha kitu.

Huu ni mwezi wa tatu naamka saa kumi alfajiri, watoto wakiwa wamelala, naomba jambo moja tu: Bwana, nitakase. Siombi pesa, siombi nyumba. Mama mchungaji alitufundisha Waebrania 12:14, kwamba pasipo utakatifu hakuna atakayemwona Bwana, na neno hilo lilinichoma. Nikasema nitaliomba hili mpaka nilipate.

Alfajiri moyo unakuwa mwepesi kabisa. Lakini nikifika sokoni! Kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, akishusha gunia vibaya, nimeshamtukana. Mteja akishikashika maharage kisha akaondoka, namtupia maneno mgongoni. Jirani yangu wa meza akimwita mteja wangu, namchukia mpaka jioni. Nikirudi nyumbani naona aibu hata kupiga magoti.

Nimefunga siku tatu kavu, nimekwenda mikesha. Nikizidi kuomba ndipo naona ubaya wangu unazidi. Hata vitu ambavyo zamani havikunisumbua, kama guigoz yangu, kopo la maziwa ninalopimia, iliyobonyea kitako, sasa nikiishika mkono unakuwa mzito. Ni shetani ananishitaki?

Mwombezi_Majengo
Mama, masoko yana vita vya kiroho. Funga siku saba, na kila asubuhi kabla ya kupanga bidhaa weka wakfu meza yako kwa damu ya Yesu. Tuko nawe katika maombi.

Yaya_wa_Katindo
Mama, nisamehe kwa swali. Hiyo guigoz ilibonyea yenyewe au ilibonyezwa?

MamaMaharage
Yaya, siwezi kudanganya hapa. Ilibonyezwa. Nilipoanza kazi, miaka sita iliyopita, walionitangulia walinionyesha namna ya kuigonga ili ibebe kidogo. Karibu wote tunazo. Gunia ni ghali, na tangu benki za hapa zifungwe mwaka 2025 mteja anakuja na franka za kuhesabu. Ukipima kopo zima kwa bei ile ile, watoto watakula nini?

Yaya_wa_Katindo
Asante kwa kusema ukweli, najua haikuwa rahisi. Basi sikia, mama yangu. Miezi mitatu umemwomba Mungu akutakase, naye ameanza. Ameanzia mkononi mwako.

Fungua Walawi 19. Mstari wa pili unasema, "Mtakuwa watakatifu." Halafu angalia yanayofuata: waheshimu wazazi, waachie maskini masazo ya mavuno, usilaze ujira wa kibarua mpaka asubuhi, usimchukie ndugu yako moyoni. Ukifika mstari wa 35 na 36 utakuta mizani na vipimo vya haki. Tumezoea kutafuta utakatifu kwenye mkesha, na mkesha naupenda, lakini sura ile kwa sehemu kubwa inatembea shambani, nyumbani na sokoni.

Kuhusu shetani, mimi nimejifunza hivi: yeye akishitaki anakufunika na ukungu, anakuambia wewe mzima ni takataka, hata hujui utubu nini. Mkono wako unakuwa mzito kwa kitu kimoja chenye jina. Hapo mimi namwona Roho Mtakatifu.

Mwalimu_wa_Shirika
Tumsifu Yezu Kristu. Mama, mimi ni Mkatoliki, na ninapokusoma namkumbuka mtoto wa mji wetu, Mwenye heri (hatua moja kabla ya kutangazwa mtakatifu) Floribert Bwana Chui. Alizaliwa hapa Goma mwaka 1981. Hakuwa padri wala mtawa. Kazi yake ya serikali ilikuwa kukagua bidhaa zinazoingia kupitia mpakani, na nje ya kazi alikuwa akiwasaidia watoto wa mitaani, maibobo wetu hawa. Mwaka 2007 kililetwa chakula kilichoharibika. Akapewa pesa ili akipitishe, akakataa. Akasukumwa, akakataa. Mwezi wa Julai alitekwa na kuuawa, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye heri kule Roma.

Chakula kile kingeliwa na watu asiowajua. Kila nikipita mpakani nalifikiria hilo. Wewe pia, anayekula maharage yako jioni humjui.

Mwana_Lushi
Wapendwa wa Goma, hapa Lubumbashi tunapima unga kwa meka, kopo letu la kupimia, na shida ni hiyo hiyo. Ninachoomba, tusimwambie mama kana kwamba ni jambo jepesi. Akibadilisha kopo bila kugusa bei, mtaji utaisha na watoto watalala njaa.

Mama, nunua kopo zima, pandisha bei kidogo, na mteja akiuliza mwonyeshe yote mawili, la zamani na jipya. Wengine watakwenda kwa jirani. Anza na gunia moja, uone.

Dada_Bukavu
Mimi nijibu la matusi, maana nina kinywa hicho hicho. Maombi yasibaki yote kwenye saa kumi alfajiri. Ukiona hasira inapanda, sema Zaburi 141:3 palepale mezani: "Ee Bwana, uweke mlinzi kinywani pangu." Ndefu kuliko hapo hutaiweza, mteja amesimama. Na yule kijana wa chukudu, mwombe msamaha. Kusukuma mzigo ule juu ya mawe ya volkano si mchezo.

Mwombezi_Majengo
Nimesoma Walawi 19 usiku huu. Mama, nilikujibu haraka. Tengeneza kwanza kopo, kisha tutafunga pamoja.

MamaMaharage
Wapendwa, zimepita siku tisa. Nimenunua kopo zima. Siku mbili za kwanza nilirudi nyumbani na maharage karibu yote, nikalia. Siku ya tatu mama mmoja mwenye mgahawa alipima nyumbani akaona tofauti, akarudi na wenzake wawili. Bado siuzi kama zamani. Kijana wa chukudu nilimwomba msamaha, akacheka kwa aibu, sasa ananiita mama. Jirani yangu wa meza amekasirika, anasema nataka kuwaharibia. Jana nilimjibu vibaya. Ile Zaburi niliikumbuka nikiwa nimeshasema.

Linalonisumbua sasa ni Zakayo, yule mtoza ushuru wa kwenye Injili. Yeye aliahidi kuwarudishia mara nne aliowadhulumu. Mimi wa miaka sita nitawapata wapi?

Yaya_wa_Katindo
Unaowajua, warudishie. Usiowajua, wape maskini walio karibu nawe, kidogo kidogo.

MamaMaharage
Nimeanza. Ninaowakumbuka nawaongezea matabishi, yaani nyongeza ya bure, viganja viwili. Mmoja tu nimemwambia sababu, mama mzee anayetoka Mugunga kwa miguu, mteja wangu tangu mwanzo. Nilitetemeka. Alininyamazia, kisha akasema, "Mwanangu, nilikuwa najua." Akachukua maharage yake akaenda. Amesema atarudi Jumamosi. Mniombee.