Betri za taa za dagaa hazifiki mwaka: tatizo chaja, betri au matumizi?

Mvuvi_Mkokotoni
Asalaam alaykum wakuu. Mashua yetu ni ya dagaa, Mkokotoni, Unguja. Tuliachana na jenereta kwa sababu ya petroli, tukahamia taa za LED na betri mbili za sola, volti 12, kila moja Ah 100 (ampea-saa), zimeungwa pamoja chanya kwa chanya. Taa zote jumla wati 120, zinawaka tangu saa mbili usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri. Asubuhi kijana anazipeleka nyumbani kwenye chaja ya ampea 10, jioni zinarudi pwani.

Miezi ya mwanzo raha tupu. Sasa ikifika saa saba usiku taa zimeshafifia, na dagaa ndiyo kwanza wanapanda. Jozi ya kwanza tuliitupa kabla ya mwaka, hii ya pili inaelekea hukohuko. Aliyeniuzia anasema tumezitumia vibaya. Fundi wa huku anasema nitie asidi mpya. Ni betri za maji, zina vizibo sita. Nifanye nini? Na maji yanayodondoka kwenye AC yanafaa kuongezea? Kuna hoteli wananipa bure.

Kijana_Nungwi
Tia asidi tu kaka. Yangu ilifufuka.

Fundi_Mlandege
Usitie asidi! Betri ikikauka kinachopungua ni maji. Asidi haiendi popote, labda iwe betri ilipinduka ikamwagika. Ukizidisha asidi utaona nguvu siku chache, halafu sahani za ndani zinaliwa. Huko ndiko kufufuka anakokusema kijana hapo juu.

Tupige hesabu. Wati 120 kwa volti 12 ni ampea 10. Kwa saa tisa umetoa Ah 90 kati ya 200, yaani hujafika nusu. Hapo huna kosa, betri ya risasi kama hizi zako, usipoishusha chini ya nusu, inakaa. Tatizo ni kurudisha. Chaja ya ampea 10 kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni inatoa Ah 90, lakini si zote zinazoingia, nyingine zinaishia kwenye joto na mapovu. Na ile sehemu ya mwisho ya kujaa huingia polepole hata chaja iwe kubwa vipi. Kwa hiyo kila jioni mnatoka na betri isiyojaa, na kesho yake imepungua zaidi. Ikiwa mpya haionekani.

Sasa nijibu: mbalamwezi ikiingia mkapumzika, betri mnazifanya nini?

Mvuvi_Mkokotoni
Tunaziweka ghalani ami. Mwezi ukipungua tunazitoa, tunachaji siku moja, tunaenda.

Fundi_Mlandege
Basi ndipo zinapofia. Betri ikiwa haina chaji ya kutosha, sahani zinashika salfeti ya risasi. Ikiwa mbichi, chaji inaiondoa. Ikikaa siku nyingi inaganda kuwa chembe ngumu ambazo chaja yako haiziwezi tena, na sehemu hiyo ya sahani ndiyo imekwenda. Nyie mnafanya hivyo kila mwezi, tena kwenye joto letu hili linaloharakisha kila kitu.

Siku mnayorudi pwani kupumzika, ichaji mpaka ijae kabisa, hata ikichukua siku mbili. Kisha iache kwenye paneli ndogo ya sola yenye kontrola ya kuzuia chaji isizidi, au irudishie chaja kila wiki. Na tafuta chaja ya ampea 20 mpaka 30. Kabla ya kununua, pima ya sasa kwa mita ikiwa inachaji: betri ya maji inataka kupanda mpaka volti 14.4 au zaidi kidogo, ikae hapo saa kadhaa. Chaja nyingi za bei rahisi zinaishia 13.8, na hapo utangoja mpaka Idi.

FundiSola_Bi_Wete
Naongezea kwa vile nami kazi yangu ni hii, nilisomea Kinyasini. Maji ya AC yaache, yanapita kwenye vumbi na shaba. Ya kisima ndiyo usiyaguse kabisa, visima vyetu vina chokaa na vingine chumvi. Nunua maji safi ya kuongezea betri, yale yasiyo na asidi, hayana gharama. Kama sahani ziko wazi, tia kidogo zifunike kwanza, uchaji, halafu ndiyo ujazie. Ukijaza kabla ya kuchaji yatafurika, na kijana wako shati lake litatobokatoboka kama limeliwa na mende.

Vichwa vikiota ule unga mweupe, funga vizibo, osha kwa maji ya magadi, suuza, kausha, paka mafuta ya mgando. Na kakangu, hizo betri zinachajiwa wapi? Kama ni chumba wanacholala watoto, zitoe leo. Gesi yake inalipuka kwa cheche ndogo tu.

Nahodha_Mstaafu
Kwenye chombo zikae ndani ya kasha lenye mfuniko, juu ya maji ya ngama, yale yanayotuama chini ya chombo, zimefungwa kamba. Maji ya bahari yakiingia ndani ya betri yanatoa klorini, hewa ya sumu. Watu wanaogopa kuzama tu.

Kijana_Nungwi
Si bora anunue lithiamu tu amalize?

Fundi_Mlandege
Akiwa na fedha, sawa. Ni nyepesi zaidi ya nusu, na kukaa bila kujaa haiiumizi. Ila itataka chaja yake. Kwa sasa hata hizi hatujajua kama zimekufa.

Mvuvi_Mkokotoni
Nimerudi wakuu. Zinachajiwa ukumbini, leo nimezihamishia barazani. Chaja inaishia 13.7! Nimeazima haidromita, kile kipimo cha uzito wa maji ya asidi ndani ya betri, nikapima kila chumba chini ya kizibo chake: betri moja vyumba vyote viko 1.220. Nyingine vitano viko 1.215, kimoja 1.140. Nitupe hii, ninunue mpya moja niiunge na ile nzima?

Fundi_Mlandege
Usiunge mpya na ya zamani, ile chovu itaiburuza mpya. 1.220 ni betri yenye chaji zaidi ya nusu, ikijaa inataka kuwa 1.265 hivi, kwa hiyo hiyo ya kwanza ina matumaini. Azima chaja nzuri, zitenganishe, kila moja ichajiwe peke yake mpaka haidromita iache kupanda. Chumba cha 1.140 kikibaki nyuma wenzake wakishajaa, hicho kimekufa na betri yake basi. Ile nzima itumie kwa taa za nyumbani, na mashua inunulie jozi mpya.

Ukienda dukani soma ubavuni. Ukikuta CCA, yaani nguvu ya kuwashia injini kwenye baridi, imeandikwa kwa herufi kubwa, hiyo ni ya kuwashia gari, sahani zake nyembamba, hata kama wamebandika karatasi ya sola. Tafuta Ah iliyoandikwa pamoja na C20 au C10, yaani imepimwa kwa kutumiwa polepole saa 20 au saa 10. Na ukiziunga, waya chanya wa taa utoke betri ya kwanza, hasi utoke ya pili, zichoke sawasawa.

Mvuvi_Mkokotoni
Shukran sana ami. Nikishindwa na hicho chumba nakuletea mjini.

Fundi_Mlandege
Karibu. Lakini ichaji ijae, halafu uiache usiku mzima bila chaja wala taa ndipo uje nayo. Ikitoka kwenye chaja moja kwa moja mita itatudanganya.