Chini ya mti nyasi zimetoka vipara, nipande aina gani kabla baridi haijaingia?

Kipara_Bustanini: Wakuu habari zenu. Nina kauwanja kadogo nyuma ya nyumba, nusu kanapigwa jua mchana kutwa nusu kako chini ya mti mkubwa. Upande wa jua ukoka umejaa safi ila chini ya mti ni vumbi tupu, nilimwaga mbegu zikaota vizuri nikatamba mpaka kwa jirani, haikupita miezi miwili zote kwisha. Sasa ni vuli, ile ya kuelekea baridi, majani yameanza kudondoka nataka nijaribu tena. Nipande nini? Na mbolea niweke?

Jembe Butu: Ulimwaga mbegu ya nini?

Kipara_Bustanini: Ukoka huohuo mkuu, ili ufanane na upande wa pili.

Jembe Butu: Basi hapo ndo ulipojimaliza. Ukoka unataka jua masaa 6 hadi 8 kwa siku, usipolipata unarefuka unakonda halafu unajifia. Weka feskyu (fescue, nyasi za maeneo ya baridi), hasa ile ya majani membamba inavumilia kivuli, na vuli ndo wakati wake maana udongo bado una joto, hewa imepoa. Ila wahi, iote angalau wiki 6 kabla ya baridi ya kugandisha. Baridi ikija ukoka utageuka kahawia, usipanik, umelala haujafa, feskyu itabaki kijani kwahiyo utakuwa na uwanja wa rangi mbili. Mimi hainisumbui, mke wangu ndo inamkera. Mbolea ya naitrojeni kwenye ukoka usiweke saizi, utauamsha wakati unataka kulala.

mama_reki: Mbegu baadaye jamani, kwanza udongo. Chukua bisibisi ndefu udongo ukiwa na unyevu uisukume kwa mkono, ikigoma ujue umeshindiliwa na mbegu zako ni chakula cha ndege tu. Toboa kwa uma wa bustani, tandaza mboji kidogo, mwaga mbegu, kanyaga taratibu zishikane na udongo. Maji kidogo kidogo kila siku mpaka ziote. Na majani yanayodondoka yaondoe kwa reki, yakilowa yanalala kama godoro na miche inaoza chini yake.

Mzee wa Slasha: Mnampa moyo bure. Kama kivuli ni kizito hata feskyu itasumbua, apunguze kwanza matawi ya chini. Na unakata urefu gani kijana? Kivulini acha sentimita 7 mpaka 10, na usikate zaidi ya theluthi moja kwa mara moja.

Kipara_Bustanini: Nimetoka na bisibisi saa hizi. Upande wa jua imezama mpaka kwenye mpini, chini ya mti imeingia pingili mbili za kidole ikagoma, nikadhani ni mzizi nikahamia sehemu nyingine tano, kote vilevile. Na mzee umenishika, nilikuwa nanyoa kabisa ili nisikate kila wiki 😅 Uma sina, itabidi nikaazime kwa jirani yuleyule niliyemtambia.